Kiberiti cha Mama

Stela, tumetoka kwa daktari, mimi na Mama na Baba.

Ni saratani ya mapafu. Mama! Mama ambaye hajawahi kuigusa sigara!

Daktari anasema hata wasiovuta inawapata, na moshi wa mwenzio ni sumu. Akauliza, "Nyumbani nani anavuta?"

Nani anavuta, Stela! Baba akainamia kofia yake. Miaka arobaini anavutia chumbani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu.

Mama ndiye akajibu. "Hakuna, daktari."

Hakuna!

Sasa tuko stendi, tunangoja gari la Ulyankulu. Baba kajisahau, kaweka sigara mdomoni, anajipapasa mifukoni. Mama kafungua pochi, katoa kiberiti.

Kamwashia, Stela. Tena kaukinga moto kwa viganja vyake, upepo usiuzime.