Dirisha Nisilokuwa Nalo

Mshauri mpendwa, nakuandikia wakati wa mapumziko ya mchana, nimekaa juu ya maboksi nyuma ya ghala ninakobeba mizigo, na kama mwandiko unapinda nisamehe, shule niliishia darasa la sita na mikono hii tangu asubuhi imebeba majokofu. Gazeti lako tunalisoma watu wanane kwa nakala moja, na wenzangu wakijua barua hii ni yangu watanicheka mpaka nihame, kwa hiyo jina langu libaki kwako. Shida yangu nimeitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Nina mke na mtoto mmoja wa kike. Huu ni mwaka wa nne tangu niondoke nyumbani, ni mbali, si mahali pa kwenda na kurudi, na mtoto nilimwacha hajaota meno, leo anaongea nami kwenye simu na kuniita baba kwa sababu ameambiwa aniite hivyo. Huku nalala chumba kimoja na mwenzangu ambaye ni mlinzi, yeye akitoka kitandani mimi naingia, kitanda chetu hakijawahi kupoa. Chumba hakina dirisha. Kina matundu manne juu ya mlango, na ukisimama katikati ukanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Sisemi haya ili unihurumie, utaona yanapoingia.

Mjomba wangu alinifundisha kazi ya makochi nikiwa mdogo. Huku watu wakihama huacha viti vyao, nami siku zangu za mapumziko navichukua, nabadilisha sponji, nakaza springi, navivisha kitambaa kipya, nauza kwenye kundi la kuuziana vitu kwenye simu. Mwanzoni nilikuwa napiga picha hapo uani kwetu, kando ya mtaro wa maji machafu, kochi limeegemea ukuta, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza. Mlinzi akanicheka. "Bwana wee, hiyo ni picha ya kochi au ya ajali? Nani atanunua kitu kinachonuka mpaka kwenye simu?" Akanionyesha namna ya kuchukua picha za kiwandani, zile wanazoweka watengenezaji wenyewe, nikapata kochi la buluu kwenye sebule nyeupe, zulia, taa ya kusimama, na nyuma yake dirisha kubwa linaloingiza jua lote la asubuhi. Nikaiweka. Siku ileile watu sita wakaandika.

Nikaendelea hivyo hivyo. Mtu akifika namwambia lile la kwenye picha limeshachukuliwa ila kuna hili, na wengi wanakuwa wametoka mbali na wamekuja na gari la kukodi, basi wananunua huku wamenuna. Mmoja tu ndiye aliyenishinda, mama mmoja mwalimu mstaafu. Alikaa, akainuka, akapapasa mshono kwa kidole. "Mwanangu, umeshona wewe?" Nikamwambia ndiyo mama. "Umeshona vizuri. Ungenionyesha hiki, ningenunua hiki. Sasa sijui ni nini kingine ulichonificha." Akaondoka na gari tupu. Neno lile lilinikaa siku mbili, kisha nikaweka picha nyingine ya kiwandani.

Sasa sikia nilivyojinasa. Ile ya kochi la buluu niliiweka pia kwenye stetasi ya simu yangu ili watu wa ghalani waione, bila neno lolote chini yake, na mke wangu akaiona. Yeye ni fundi cherehani, ana nafasi yake kwenye baraza ya duka la vitambaa huko nyumbani. Ujumbe wake wa sauti uliingia nikiwa kazini, nikausikiliza nimejificha nyuma ya magodoro. "Baba, kumbe umehamia! Na husemi! Ulitaka nije kushangaa? Jamani, sebule ile! Dirisha lile!" Halafu akacheka. Mshauri, kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu mwaka wa kwanza. Simu zetu zilikuwa zimebaki mtoto anakohoa, paa linavuja, umekula, nimekula, haya tutaongea. Nilitaka kumwambia ni picha ya biashara tu. Kidole kilikuwa tayari, lakini nikausikiliza tena ujumbe wake, nikarudia mara ya tatu, ndipo nikajibu, "Nilitaka kwanza nimalize kupanga vitu." Maneno hayo tu, hata dakika sikutumia.

Tangu hapo amekuwa mke wangu upya. Sasa ananipigia yeye. Ananiuliza jua linaingia upande gani, namwambia asubuhi linafika mpaka kwenye zulia. Naona aibu kuandika hivi, lakini hata mimi nilikuwa nikilala na kufumba macho naiona sebule ile, namwona amekaa na cherehani yake, mtoto anacheza miguuni pake, nami natoka kazini nafungua mlango na hakuna anayeshtuka kwa sababu ni kawaida yangu kurudi. Hicho tu ndicho ninachokitaka duniani, kurudi jioni na watu wasishtuke.

Wiki mbili zilizopita akaniuliza dirisha lina upana gani. Nikadhani ni maongezi, nikamwambia ni hatua zangu tatu. Juzi akanitumia picha. Ameshashona mapazia, ya kijani, yana marinda juu, ameyashika yeye na mtoto kila mmoja upande wake, mtoto kapandishwa kwenye stuli ili yasiburuzike chini. Akaandika, "Haya yanatangulia, sisi tunafuata." Nafasi yake ya barazani ameshapata fundi wa kuichukua na mwisho wa mwezi anamkabidhi. Nafasi ile aliingoja miaka mitatu, akiiacha haipati tena.

Mlinzi anasema, "Mwache aje. Akishafika amefika, atarudi kwa miguu? Mwanamke ni kuzoea tu." Mimi nimewaza kumwambia mke wangu kwamba mwenye nyumba ameichukua nyumba yake, lakini huo ni uongo wa kuegemeza uongo. Nimezunguka mtaa mzima kutafuta chumba chenye dirisha, dirisha lolote, natazama madirisha ya watu mpaka mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Natamani aje. Hilo ndilo linaloniua. Nikimwambia ukweli hatakuja, nisipomwambia atakuja kwa mtu mwingine ambaye si mimi. Nifanye nini?

Mimi mbeba mizigo, mbali na kwetu.

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu mbeba mizigo, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilitamani kukuchapa.

Nianze na huruma. Mtu aliyekosa kicheko cha mkewe miaka mitatu, siku akikisikia anaweza kusema lolote ili kisikatike. Wasomaji wangu walio mbali na kwao wanalijua hilo kuliko mimi. Kumtamani mkeo si dhambi, na usiombe radhi kwa hilo.

Lakini siku ya ile picha mkeo alianza kwa kujidanganya mwenyewe, nawe ukamwitikia. Siku aliyokuuliza upana wa dirisha, alikuwa amekufungulia mlango wa kutokea, nawe ukapima hatua tatu za hewa. Hapo huwezi kumlaumu mlinzi wala kiwanda.

Na huyo mlinzi, mwambie akalinde mageti, ndoa yako aiache. Mwanamke aliyefikishwa mahali akashindwa kurudi kwao hajazoea, amefungiwa. Ukimwacha akabidhi nafasi yake kwa ajili ya sebule ya watu, utakuwa umemnyang'anya riziki, na siku atakapokuuliza kwa nini, hutakuwa na jibu la kumtazama nalo machoni.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Chako ni kizuri, mwalimu mzima amekipapasa kwa kidole chake akakusifu, nawe unakificha nyuma ya kochi la wengine. Ndivyo unavyomfanyia na mkeo. Alipokubali kuolewa nawe ulikuwa na zulia? Ulikuwa na taa ya kusimama? Alikuchukua ulivyo, sasa umeona haya kwa niaba yake bila yeye kukutuma. Unasema akijua hatakuja. Umemuuliza lini?

Picha zote za kuazima zifute kwenye kundi leo hii. Kochi lisogeze mbali na mtaro, lifute vumbi, lipige picha palipo na mwanga, uandike sponji ni mpya na fremu ni ya zamani. Kusogea mbali na mtaro si uongo, ni usafi. Watakaouliza watakuwa wachache zaidi, lakini hawatanuna.

Chumba kikubwa kitafute, ni jambo jema, ila si mwezi huu na si ili uongo wako upate paa. Mtakitafuta wote wawili, yeye akijua mnaanzia wapi, hata ikichukua mwaka.

Ukweli usiutume kwa ujumbe. Mpigie saa ambayo amefunga cherehani na mtoto hayuko karibu. Neno lako la kwanza liwe hili: "Usikabidhi nafasi yako." Litangulize hilo kabla ya salamu ndefu, maana nafasi hiyo ikishatoka hairudi. Kisha mwambie unalala wapi, na nani, na chumba kina ukubwa gani. Usiseme ulifanya kwa ajili yake. Usilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza wewe. Mwambie ulichoniambia mimi kuhusu kurudi jioni na watu wasishtuke, kwa sababu hilo halikutoka kwenye picha ya mtu yeyote.

Anaweza kukata simu. Akikata usimpigie mara kumi, mwandikie kwamba upo, kisha ungoje hata kama ni wiki. Anaweza kusema anabaki kwao, ukubali. Anaweza pia kusema anakuja hivyo hivyo, na akisema hivyo, usimkatalie kwa sababu ya aibu yako.

Ila usimwulize ataamua nini. Ukishamaliza kusema, nyamaza. Utasikia kimya upande wa pili, kitakuwa kirefu, na ulimi utakuwasha ukijaze. Usikijaze. Kimya hicho ni chake.