Zege Litasubiri

5 Februari

Kwako mke mwenzangu,

Hujambo? Usingizi upo, chakula kinapita? Mimi wa huku ugenini ni mzima, magoti tu ndiyo yananinunia kila asubuhi. Najua simu ipo, lakini tukipigiana nusu ya maneno hupotelea hewani. Naandika kwa mkono, jirani ataipiga picha barua akutumie.

Picha yako imefika. Nimeikuza mpaka nikauona uso wako ndani ya kile kibanda cha vioo, juu ya jengo lote. Zaidi ya nusu ya umri wangu nimeishi katika nchi za watu, nikitembea kando ya kuta nisimkere mtu. Leo damu yangu inaendesha kreni!

Na hilo ulilosema, kwamba ukishapanda asubuhi hushuki mpaka jioni, limenifurahisha kuliko yote. Ukoo wetu hauna mlegevu. Kaza hivyo hivyo.

Ni mimi bibi yako

2 Machi

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Magoti yamekoma kununa? Huku nyumbani hatujambo, mama anakusalimu. Mimi pia mzima, ila si sana. Nakwambia wewe kwa sababu mama atalia.

Siri ya kutoshuka ni kutokunywa maji. Ngazi ni ndefu na choo kiko ng'ambo ya saiti. Nikienda na kurudi, lori la zege linangoja na mnyapara anapayuka redioni. Madereva wenzangu wanaume wana chupa zao huko juu. Mimi chupa nitaifanyia nini? Basi asubuhi napiga chai nusu kikombe, halafu najibana mpaka jioni.

Mwezi uliopita mkojo ulianza kuunguza kama pilipili. Nikitoka chooni nataka kurudi, nikirudi ni matone tu. Nikaona aibu, maana hapa kazini wanasema huo ni ugonjwa wa wahuni. Rafiki yangu akanitajia vidonge, nikanunua bila kupimwa. Nilipopata nafuu nikaacha, vilivyobaki nikaweka kabatini.

Sasa umerudi. Mkojo una ukungu na harufu, na tangu jana mgongo unauma upande mmoja, chini ya mbavu. Leo nimetetemeka kwa baridi jua likiwa utosini. Nikimwambia mnyapara atasema, "Si nilisema? Kreni si ya wanawake." Mimi ndiye wa kwanza hapa, Bibi. Wakinishusha, hatapandishwa mwingine. Nitavumilia mpaka ghorofa hii iishe.

Mjukuu wako

2 Machi, jioni

Mjukuu wangu,

Leo sisalimii. Shuka!

Mkojo kuunguza ni jambo moja. Homa, kutetemeka na maumivu chini ya mbavu ni jambo jingine kabisa: ugonjwa unapanda kwenye figo. Katika nchi ya kwanza niliyokimbilia, nilipanga chumba na mwanamke aliyekuwa na dalili hizo hizo. Aliona haya kuzitaja mbele ya daktari mwanamume, tena kwa lugha asiyoimudu. Tulimzika mbali na kwao, naye alikuwa na umri kama wako.

Nenda hospitali sasa hivi. Mama yako mwambie, na akilia alie, machozi yake hayatakudhuru. Ile sifa niliyokupa ya kujibana naiondoa. Sikujua nasifia nini.

Bibi yako

9 Machi

Bibi,

Shikamoo. Naandika nikiwa wodini, lakini naandika nikiwa nimekaa. Dripu wameitoa, homa imekwisha. Mama alilia kweli, kisha akamgombeza nesi kwa ajili ya mto.

Daktari ni mwanamke wa makamo, mcheshi. Nilimwambia nimeambukizwa na choo cha saiti. "Mwanangu, choo usikisingizie," akasema. "Vijidudu hivi mara nyingi ni vyako mwenyewe. Vikiwa utumboni havina neno. Vikihamia njia ya mkojo ndipo vinaleta balaa, na njia yetu wanawake ni fupi, kwao ni safari ya karibu tu." Kasema mkojo ndio unaovifagia nje. Kumbe mimi nilikuwa nimelificha fagio!

Wamepeleka mkojo maabara kuotesha hivyo vijidudu, wajue dawa gani inaviua, kwa sababu vile vidonge vyangu vya kubahatisha huenda viliua vijidudu dhaifu vikaacha vilivyo sugu. Safari hii nameza mpaka cha mwisho, hata nikijisikia mzima wa kuruka ukuta.

Nikauliza, nifanye nini ugonjwa usirudi? "Kunywa maji mpaka mkojo uwe na rangi hafifu. Ukibanwa, nenda. Ukijipangusa, anzia mbele kwenda nyuma. Sabuni za manukato huko ndani hazina kazi. Na ukikutana na mume, baadaye kakojoe." Hapo mama akaanza kutazama dirishani kama anayehesabu ndege.

Mnyapara naye alikuja, na machungwa yake mkononi. Kasema, "Pole. Sasa chagua: kreni au choo."

Nikamjibu, "Vyote viwili."

Akaondoka bila kuaga. Kreni yangu amempa mtu mwingine.

Mjukuu wako

11 Machi

Mke mwenzangu,

Nafuu yako ndiyo nafuu yangu. Jibu lako kwa mnyapara nimelisoma, nikalia, kisha nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Mambo ya kreni siyajui, sina ushauri. Nina neno moja tu la mtu aliyeomba sana maishani: usiende kuomba. Nenda kama dereva anayesema mashine inataka nini ili ifanye kazi.

Bibi yako

20 Aprili

Bibi wangu,

Shikamoo! Nimepona, nimenenepa, na niko kazini.

Nilimpita mnyapara, nikaenda kwa mhandisi. Nikamwambia, "Mnapanga zege kwa saa za malori, mnapanga kwa mvua, mnapanga kwa chakula cha mafundi. Pangeni na kwa kibofu cha dereva." Akacheka. Aliyekuwa nami ni mwelekezaji wangu, yule anayenipa ishara kutoka chini. Akadakia, "Mhandisi, mimi mwenyewe nimetolewa mawe ya figo. Hapa hakuna anayekunywa maji." Mhandisi akaacha kucheka. Choo kimejengwa karibu na mguu wa kreni, kina maji na komeo kwa ndani, na kreni nimerudishiwa kwa majaribio.

Leo tulimwaga zege la sakafu ya juu zaidi tuliyofikia. Maji nilikunywa chupa nzima. Saa nne nikabonyeza redio: "Kreni inashuka."

"Sasa hivi?" mnyapara akafoka. "Lori liko getini, tangi linazunguka!"

"Langu halizunguki, limejaa."

Redio nzima ikaangua kicheko. Nikainua ndoano tupu, nikaachia breki ili mkono wa kreni ufuate upepo, nikashuka ngazi bila haraka. Chini mafundi walikuwa wamesimama na koleo zao. Mnyapara alikodolea macho saa yake. Nikapita katikati yao, nikafunga komeo.

Niliporudi juu zege lilikuwa bado laini. Jioni sakafu ilikuwa tambarare kama meza. Mnyapara akashika redio, wote wakisikia, akasema, "Kesho saa nne lori lisije."

Mjukuu wako

24 Aprili

Mke mwenzangu,

Hujambo ya kweli sasa, nami sijambo ya kweli.

Leo nilikwenda kuhuisha kibali changu cha ukaazi. Karani ni kijana, hakuinua macho. Akauliza kama nina jamaa. Nikasema, mjukuu. Akauliza mjukuu anafanya kazi gani. Katika ofisi ile sote tumezoea kujibu kwa sauti ya chini, kama tuko msikitini.

Nikasema kwa sauti, foleni nzima ikageuka: "Anaendesha kreni. Na akitaka kukojoa, jengo zima linamsubiri."

Karani akainua uso. "Niandike hivyo, mama?"

"Andika."

Bibi yako