Mistari Isiyoguswa

Kosa ambalo wengi hufanya wanaposoma karatasi ya kujaribia, kabla mashine ya kuchapa haijaanza, ni kusoma kile kilichobadilishwa tu. Jicho linakwenda kwenye tarehe mpya au bei mpya, linaridhika. Mistari ya zamani hakuna anayeisoma. Inaaminiwa kwa sababu mwaka jana ilikuwapo.

Leo ni Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri na ziwa silioni kutoka dirishani. Nimekaa mezani na hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani.

Najua. Najifanya tu sijui.

Jana mjukuu wangu Neema, anayeniita Koko, yaani bibi, alinipigia simu. Anafanya staji, yaani mafunzo ya kazi, katika nyumba moja ya uchapaji hapa mjini. Wako wawili, yeye na kijana mwenzake, na mwishoni atabaki mmoja. Akaniambia kwamba mwenzake amesahau kuondoa nembo ya zamani ya mteja kwenye kazi itakayoingia mashineni leo alasiri. Neema ameiona na hajasema. "Koko, mimi nanyamaza tu. Atajikamata mwenyewe." Kisha akaniomba niandike hapa kwenye blogu jinsi nami nilivyoanza, maana hadithi hiyo anaipenda.

Alikuwa anacheka. Nikacheka naye. Ndicho kilichoninyima usingizi.

Basi nieleze, na safari hii nieleze yote.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali, na kuyachapa lilikuwa kosa la kukamatwa. Aliyekuwa Joseph alichukua jina la babu yake, na sote tukawa citoyen na citoyenne, yaani raia mwanamume na raia mwanamke. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na diploma yangu niliibeba kwenye bahasha kama yai. Kiwanda kilichonipokea kilichapa kadi za arusi, madaftari, na buletini za shule, yaani zile karatasi za matokeo ya wanafunzi.

Msimamizi wetu alikuwa Shefu Mulume. Siku ya kwanza alilichukua kasha zima la herufi za risasi, akalipindua sakafuni mbele ya miguu yangu, akasema bila kupaza sauti, "Citoyenne Diplôme, panga." Nilipanga siku tatu. Kila nilipoweka herufi mahali pasipo pake, alinipiga kwenye vifundo vya vidole kwa kibao cha chuma cha kupangia maneno. Mafundi walicheza dau ni lini nitalia.

Aliyenisaidia alikuwa Bisimwa, mwanafunzi wa kazi kama mimi, kijana wa Luberizi, wazazi wake wakulima wa mpunga. Shule aliiacha mapema na Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini mikono yake ilikuwa mepesi kuliko ya fundi yeyote pale. Saa ya kula, wengine wakiwa nje, alichuchumaa kando yangu. "Usiangalie na macho, dada. Macho itachoka. Angalia na kidole." Kila herufi ina mfuo mdogo ubavuni, ukiupapasa kwa kidole gumba, unajua juu ni wapi na chini ni wapi. Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya kazi niliyopata, na niliipata kwake.

Sisi pia tulikuwa wawili. Sisi pia angebaki mmoja.

Lazima mjue jambo moja kuhusu kazi ya wakati ule. Kazi inayorudi kila mwaka haikuvunjwa, yaani herufi zake hazikurudishwa kwenye kasha. Herufi zake zilifungwa kwa uzi, zikafunikwa, zikawekwa rafuni. Mteja akirudi, unafungua uzi, unabadilisha mwaka na mistari miwili mitatu, unatoa karatasi ya kujaribia. Anayetia sahihi kwenye karatasi hiyo ndiye anayejibu kwa kila herufi iliyomo. Shefu aliwapa wanafunzi sahihi hiyo kama heshima. Baadaye nilielewa kwamba yeye mwenyewe aliikwepa.

Zikaja buletini za shule moja. Bisimwa alifungua uzi, akabadilisha mwaka. Alikuwa na haki ya kujivunia, maana ilikuwa safi. Kabla ya kutia sahihi alinipa niisome.

"Dada, wewe njo una masomo. Iko muzuri?"

Niliisoma yote. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la prefe, yaani mkuu wa shule, na jina lake la ubatizo bado liko mbele. Mstari wa zamani. Hakuna aliyeugusa.

Niliuona. Nikafikiria bahasha yangu, na ile nafasi moja.

"Iko muzuri," nikasema.

Alitia sahihi kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la pili, akaniambia asante.

Wiki haikuisha, watu wawili wakaingia na buletini moja iliyokunjwa. Hawakusema wametoka ofisi gani, wala hakuna aliyewauliza. Shefu aliwaonyesha sahihi. Bisimwa akasema tulisoma wawili. Shefu akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli.

Nikasema sikusoma.

Walimchukua. Alirudi siku ya nne kuchukua koti lake. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba, viwili haviwezi kukunjika. Shefu akaleta zile herufi za buletini, akaziweka mezani mbele yetu sote. "Vunja kazi yako kwanza, njo uende." Bisimwa akaanza kurudisha herufi kwenye kasha kwa mkono wa kushoto. Zilimdondoka. Mafundi wakacheka kila ilipoanguka moja, na mmoja akamrudishia msemo wake, aangalie na kidole.

Mimi pia nilicheka. Nilicheka ili nisiwe mimi pekee nisiyecheka.

Alipokwisha kuondoka, Shefu alinifuata kwenye sinki. "Nilikuona. Jicho yako ilisimama pale chini." Nikakausha mikono. "Watu wa masomo iko mingi. Mutu wa kunyamaza njo nilikuwa natafuta."

Nikabaki. Nilifanya kazi pale miaka mingi, na kwa miaka mingi alinitumia kwa kile alichonichagulia: kuona na kunyamaza.

Watoto wangu niliwaambia kwamba nilibakishwa kwa sababu nilisoma vizuri kuliko wengine. Neema naye nilimwambia hivyo. Hadithi hiyo niliifunga uzi, nikaiweka rafuni. Kila aliyeniuliza nilibadilisha mistari miwili mitatu, nikampa.

Nilimwona Bisimwa mara moja tu baadaye, sokoni Kamanyola, anauza mchele. Alinipimia kwa mkono wa kushoto, akaongeza konzi juu kama unavyomwongezea ndugu. "Ungali unasoma, dada?" Nikasema ninasoma. Sijui kama alijua. Nilisimama pale na mfuko mkononi mpaka mteja mwingine akanisukuma. Mchele tuliula nyumbani.

Neema, utaniambia kwamba siku hizi hakuna atakayemvunja mwenzako vidole kwa nembo ya mteja. Kweli. Atapoteza nafasi tu. Nawe utabaki na mkubwa ambaye huenda alikuona ukiona. Jiulize atakutuma nini.

Najua unasoma hapa kabla ya kuingia kazini. Kazi yenu inaingia mashineni alasiri, na sasa ni asubuhi bado. Leo, kabla ya saa ya kula, mwite mwenzako, weka kidole juu ya nembo ile, umwambie: hapa.