Akinyi Amepata Kazi Chuo Kikuu

Mama Akinyi,

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu kile cha shambani, kwa sababu Kijaluo changu kiliishia kwa salamu na Kikipsigis chako kiliishia kwa matusi. Shule unajua niliiachia wapi. Usicheke mwandiko.

Kwanza, ulienda vibaya. Mtu hafi msimu wa mvua, chai ikiwa imekubali hivi, halafu anabebwa mpaka kwao ziwani, mahali miguu yangu haifiki. Tangu siku hiyo sina mtu wa kugombana naye. Cherotich wangu nikimkaripia analia. Wewe ulikuwa unanirudishia.

Huku mambo yamegeuka. Kule estate tulikochuma, siku hizi ni mashine. Inanyoa chai kama kinyozi mlevi, jani zee na jani changa zote ndani. Nyumba zenu za laini, zile za wachumaji, zimebaki kimya. Juzi nilipita hapo nikasimama mlangoni kwako kama mjinga, nikingoja uniambie, "Wewe mama, unaingia ama unalinda mlango?" Hakuna.

Sasa neno lenyewe. Akinyi wako, kitinda mimba, amepata kazi ya kufundisha chuo kikuu, hapa hapa kwetu. Na aliyeikosa ni Kipkoech, mtoto wa Cherotich. Waliomba nafasi moja.

Usiruke bado. Ngoja. Mimi sikufurahi.

Nilijua tu ni ya Kipkoech. Chuo kiko kwa ardhi yetu, mtoto ni wetu, amesoma mpaka macho yakaingia ndani. Nikatayarisha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, kabla ya majibu. Nikasugua kibuyu kwa makaa ya mti wa senetwet, nikamwaga maziwa, nikaacha yaive. Nikawaambia wanawake tunaopeleka maziwa pamoja kwamba nitasimama kwa geti nimpokee mtu wangu, kama mama wa mkimbiaji aliyerudi na medali, nimnyweshe. Mdomo wangu unaujua.

Kipkoech akarudi na habari. Nikawaka! Nikasema wametuibia, nikasema naenda huko chuo na fimbo. Akanikalisha chini, mimi nyanya yake. "Kogo, tulia. Hakuna mtu ameiba."

Akanieleza kwamba chuo kina mpango, umeandikwa, na sheria ya nchi inautaka. Wanaangalia wafanyakazi wote: kabila gani limejaa, gani halipo, wanawake wako wapi, walemavu wako wapi. Wakiona idara nzima ni watu wa boma moja, wanatangaza kazi mpaka mbali, na wanasema wazi kwamba wale waliopungua waje waombe. Lakini maswali ni yale yale kwa wote. Asiyeweza anarudi nyumbani, hata kama kabila lake halina mtu hata mmoja pale. "Mimi na Akinyi tulifaulu wote, Kogo. Tulikuwa karibu sawa. Hapo ndipo wakaangalia mpango. Kwa ile idara sisi tumejaa, na mwanamke hakuna."

Nikamuuliza kama haumii. Akasema, "Naumia. Lakini si kwa Akinyi."

Nikakaa na hayo maneno nikinung'unika, nikifukuza kuku ambao hawakunikosea. Kilichonifungua akili ni laini za chai. Unamkumbuka yule nyapara wa kwanza, vile alipea dada zake na shemeji zake laini za karibu na mizani, zenye majani ya kujaa mikono, na sisi akatutupa juu kwa mawe? Tukileta kilo chache, anasema tu wavivu. Halafu akaja yule mwingine akasema laini zitazunguka. Wale dada walilia ati wameonewa! Wewe ukapewa laini nzuri kwa mara ya kwanza. Na kikapu chako kilipimwa kwa mizani ile ile yetu. Hakuna mtu alikuongezea jani. Ulijaza mwenyewe, ukanishinda, ukanicheka mpaka jioni.

Nikadhani basi, nimeelewa, yameisha. Kumbe Akinyi ndiye hajamaliza. Akaja kwangu Jumamosi macho mekundu, ati anataka kukataa kazi. Alikuwa amesikia watu pale mjini Sotik wakisema amepewa kwa sababu ni Mjaluo na ni mwanamke, ya kujaza pengo tu. Ati hataki kiti cha huruma. Ati Kipkoech atamwangalia na macho gani.

Weh! Mama Akinyi, nilimpa yake. Nilimpa na ile sehemu yako, kwa sababu haukuwa hapo kuitoa. Nikamwambia, "Huruma gani? Ulijibu maswali ama hukujibu? Mama yako alichuma chai na wewe mgongoni, mvua ikimpiga, leo unamwaga kikapu kwa sababu watu wasio na kazi wanaongea?"

Kipkoech alikuwa amesimama pale mlangoni. Akasema, "Na ukikataa, usidhani mimi nitaichukua. Kazi iliyoachwa na mtu kwa aibu siitaki. Tena hawa watu wa Sotik, hata mimi walinisema nilipoikosa."

Hapo msichana akacheka kidogo, pua bado inatiririka. Nikamshika mkono, nikamtoa mpaka nje ya geti. "Toka. Sasa ingia tena. Ingia kama mtu amepata kazi." Kibuyu nilikuwa nacho kwapani. Wanawake wa maziwa wakapita na mitungi yao, mmoja akanipigia kelele, "Mama Cherotich, si ulisema hiyo ni ya mjukuu?" Nikamjibu, "Nilisema ni ya mtu aliyeshinda. Wewe peleka maziwa kabla hayajaganda!"

Kusimama pale geti ni kazi ya mama. Ilikuwa yako. Nikaifanya.

Akanywa. Akakunja pua vile vile, kama wewe siku ile uliniambia kwetu tunakunywa majivu. Mama Akinyi, hapo nilishindwa. Nilimpa Kipkoech kibuyu nikaenda nyuma ya zizi. Nilikaa huko mpaka wakaniita.

Ameanza kazi. Amenunua viatu vya kelele, na nasikia wanafunzi wanamwogopa. Vizuri.

Kipkoech bado anatafuta. Lakini sasa ameomba huko kwenu, chuo cha upande wa ziwa, ambako watu wetu ndio wamepungua. Akiitwa, atajibu maswali kama mwenzake. Akishindwa, arudi, ng'ombe wapo. Akishinda, watu wako watasema ya kusema; midomo yao si tofauti na ya watu wangu. Na mimi sitakuwa huko kumtetea.

Kwa hivyo sikia ahadi yangu. Akinyi hatakosa mama huku nikiwa hai. Mtu akimwambia arudi kwao, atapitia kwangu kwanza. Na mvua hizi zikiisha, atanileta mpaka kwako, nikae hapo nikugombeze vizuri, nikupe na salamu za chai. Wewe nawe, kama huko mlipo mnasikilizana, waambie watu wako wampe Kipkoech mahali pa kukaa.

Lala sasa. Umelala mbali, Mama Akinyi. Umelala mbali sana na mimi.

Ni mimi,
Mama Cherotich