Pilipili Nyekundu Msimu wa Mvua

Jumanne, 14 Januari 2025

Limekwisha! Koti la mvua la pilipili. Pilipili nyekundu, kila moja nene kama mkono wangu, juu ya njano inayopiga kelele. Rukia, fundi wangu, kaziba mishono yote kwa pasi, kalivaa, kajitazama kwenye kioo cha kabati, kasema hata lori lenye usingizi litamkwepa.

Yahaya, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda hapa Ipagala, kalipenda mpaka kacheka peke yake. Anataka ya kijiwe kizima. Nikammwagia Rukia ndoo nzima ya maji, Yahaya aone wino hautoki. Yahaya katikisa kichwa. Ndoo si mvua, dada. Anataka kuona koti ndani ya mvua ya kweli, ndipo atoe oda.

Sawa. Mvua ya kweli. Tangu Krismasi hatujaona hata tone!

Alhamisi, 16 Januari

Wingu! Zito, jeusi, juu ya nyumba kabisa. Nikavaa koti, nikasimama uani kama nguzo ya umeme, mikono nimetanua. Likazunguka. Likaondoka.

Mama Jordan wa jirani alikuwa anaanua nguo. Anasema kaliona kwa macho yake: wingu lilifika, likaona ile nyekundu, likageuza. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumapili, 19 Januari

Mama kapiga simu kutoka Buigiri. Hata salamu hakumaliza. Ni kweli nimesimama nje na nyekundu, na uwele unasubiri maji? Sijui nani kamfikishia. (Najua. Mama Jordan.)

Nikamwambia, mama, wewe ni wa Umoja wa Akina Mama, kanisani unakaa benchi la mbele! Anasema benchi ni benchi na shamba ni shamba. Kwetu tangu zamani kipindi cha mvua ni nguo nyeusi, nyekundu inaifukuza. Mimi: ni rangi tu, mama. Yeye: kama ni rangi tu, si uipake nyeusi?

Imeniudhi hadi sasa.

Anasema majani ya uwele yamejikunja. Hiyo aliisema polepole.

Jumatatu, 20 Januari

Rukia kaniambia kwao Busi mvua inaombewa msikitini, haiulizi mtu kavaa nini. Nikafarijika. Halafu nikaona ushungi wake mwekundu wa kila siku haupo, kaja na mweusi. Eti ule mwingine uko kwenye maji.

Jumatano, 22 Januari

Mzee Khamisi, mfyatua tofali, kaja kutaka koti moja. Nikampima kifua. Kasema si la kuvaa. Ni la kutundika kwenye mti karibu na tofali zake mbichi, mpaka zikauke.

Nikamwambia, shikamoo tena mzee, hili ni koti la mvua. Akasema ndiyo, amesikia sifa zake.

Jioni kaja Fabian, mwenyekiti wa kamati ya harusi. Sherehe ya Jumamosi iko uwanjani, hawana hema. Anataka sita, wavae wapokea wageni. Kama mvua ikinyesha? Hapana, dada Raheli, ili isinyeshe! Rukia akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikauza.

Jumamosi, 25 Januari

Jua kali kupita maelezo. Vijana sita wamevaa makoti ya mvua, kofia zimevutwa mpaka kwenye nyusi, jasho linachuruzika kwenye viatu. MC kanitaja kwenye spika: tumshukuru dada yetu kwa hali hii nzuri ya hewa! Vigelegele. Bibi harusi kanikumbatia.

Miezi mitano nachora. Nimeacha kazi ofisini kwa ajili ya makoti haya. Mara ya kwanza napigiwa makofi, na ni kwa ukame. Nilikula pilau nikiwa na hasira.

Jumatatu, 27 Januari

Simu tatu asubuhi. Mwenye mnada wa nguo. Fundi wa paa. Mtu wa mkutano wa hadhara.

Yahaya kaja, hakukaa. Siku hizi unauza jua, dada? Vijana wake wanataka yale ya plastiki nyeusi ya dukani. Atanisubiri mvua moja tu. Ikija na mimi sina la kuonyesha, basi.

Nimelia kidogo. Nimeandika ili nisijidanganye kwamba sikulia.

Alhamisi, 30 Januari

Mama kaingia bila kupiga simu. Kabeba begi na kaniki nyeusi. Shikamoo mama! Marahaba, yako wapi?

Kakusanya makoti yote yaliyobaki, kayafunga ndani ya kaniki, kayakalia. Chai kanywea pale pale. Ugali kalia pale pale. Sala ya mvua ya kanisani kaisali pale pale, macho kafumba, uzito wote juu ya pilipili zangu. Rukia anasema angalau yananyooka.

Nilitaka kufoka. Nikaona midomo yake ilivyopasuka. Na mikono. Amepanda mara mbili msimu huu, mbegu za kupanda mara ya tatu hana.

Jumamosi, 1 Februari

INANYESHA. Sasa hivi! Bati halisikilizani na mtu.

Nilichomoa koti moja chini ya mama alipoinuka kuchungulia. Yahaya yuko getini, kajifunika mfuko wa rambo kichwani, simu mkononi tayari kupiga picha. Toka, dada, toka!

Mama kaziba mlango. Kampigia mjomba Sila kule Buigiri: huko je? Bado, ila wingu linaonekana linakuja. Mama kanigeukia. Hakugomba, na ndilo lililonimaliza. Kasema, mwanangu, liache lifike nyumbani kwanza.

Nimekaa mezani. Mkono wa kulia uko ndani ya koti, ndio ninaoandikia, mkono wa koti unafuta wino wa kalamu. Siamini mambo haya. Naandika tena: siamini. Ni rangi tu.

Yahaya anapiga kelele kwamba inaanza kukatika.

Mama ameshika simu sikioni, anamuuliza mjomba, imefika? Imefika?

Nimevua ule mkono wa koti.