Kilima Nilikosukumwa

Baba yangu,

Barua hii nimeianza mara tatu, na usidhani ni baridi ya Kericho iliyonizuia. Jana nilishindana kwa baiskeli, na nikamaliza. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe, halafu nikakumbuka ulipo. Basi nakuandikia, maana nikinyamaza nitapasuka.

Sijui kama huko habari zinafika. Tangu tukupeleke nyumbani ziwani tukakulaze kando ya babu, sijawahi kumaliza mbio. Nilijaribu mara mbili. Ile ya Bomet nilikuwa mbele ya wanawake wote, nikauona mstari wa kumalizia, na nyuma yake nikaona mahali pako, patupu. Nikashuka, nikaikokota baiskeli kando kama mtu aliyepata pancha. Watu wakauliza kulikoni, nikasema ni tumbo.

Wazazi wengine walikuwa wakisimama kabla ya mstari, wakipiga vigelegele. Wewe ulisimama baada yake, mara nyingine na ovaroli yako ya boila kwa sababu umetoka kiwanda cha chai moja kwa moja, umebana chupa ya chai kwapani. "Wa kupiga kelele ni wengi, nyathina, mwanangu," uliniambia. "Wa kukushika usianguke ndio hakuna." Nami nikivuka nilikuwa naachilia usukani kabisa, najua utaudaka. Unaikumbuka siku ya Fort Ternan, lile joto la kule chini, nilipokuja wa mwisho kabisa? Ulinimiminia chai, ukasema, "Hata mwisho ni namba." Nilikununia wiki nzima. Mama akatucheka sisi wote wawili.

Ulipoondoka nikawa mtu wa hasira, Baba. Nisikufiche. Baiskeli niliitundika ukutani, na mtu akiigusa tu namfokea. Ni Chebet, tunayefanya naye kazi pale kwenye kituo cha maziwa, aliyenishika sikio. Akasema kuna mbio karibu na Chepilat, za watu wa kujifurahisha tu: mnazunguka shambani kwenye nyasi na matope, mkifika penye vizuizi vya mbao mnashuka, mnabeba baiskeli begani, mnaruka, mnapanda tena. Wenyewe wanaziita saiklokrosi. Nilimwambia huo ni upuuzi, baiskeli ilitengenezwa imbebe mtu. Akajibu, "Wewe umebeba mazito zaidi, na hakuna aliyekuuliza." Nikakubali, lakini moyoni nilijua nitashuka kabla ya mstari kama kawaida. Safari hii nilipanga kusingizia cheni.

Mvua ilikuja saa ile ile yake ya alasiri. Udongo wetu unaujua, ukilowa hauna adabu. Mzunguko wa kwanza nilianguka. Wa pili nikaanguka tena, na mwanamume mmoja mwenye kitambi akaniangukia juu, akaniomba radhi kwa heshima kana kwamba tumegongana mlangoni pa kanisa. Hapo ndipo kicheko kilinitoka, kidogo, nikakimeza. Hata hivyo miguu ilikuwa ikifanya kazi. Mzunguko wa mwisho nilikuwa wa tatu, na mbele yangu kumebaki kile kilima kilicho kando ya majani chai, na juu yake mstari.

Nikashuka kuisukuma. Tope limekaza magurudumu, hayazunguki. Kisha nikainua kichwa nikaona kamba za kumalizia, na miguu ikakataa. Kile kile cha Bomet. Nikasema basi, Akinyi, igeuze.

Mara nikahisi baiskeli inakwenda yenyewe.

Nilipogeuka, nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja wa makamo, bado na aproni ya plastiki ya kuchumia chai, ameinama, mikono miwili kwenye kiti cha baiskeli yangu. Nikamwambia aache, sheria hairuhusu msaada, nitatolewa. Akasema, "Lakwet, mtoto wangu, nikuache na mlima?" Akasukuma kwa nguvu zaidi. Baba, ni wewe mtupu. Ni vile ulivyokuwa ukiacha baiskeli yako mwenyewe chini pale mtoni ili umsukumie mwenye maziwa, ama mwenye gunia, usimjue hata jina. Huku kwetu mtu hampiti mwenzake anayekokota baiskeli mlimani, na hakuna aliyekuwa amewaambia akina mama wachuma chai wa pale kwamba kwenye mashindano ni makosa.

Mwamuzi akapuliza filimbi. Mama akamtazama. "Kwani wewe umetoka wapi? Mtu anahangaika na mlima, wewe unampigia firimbi?" Wenzake waliokuwa wametoka kupima majani wakaona mambo ni hayo, wakashuka wote. Kila mshindani aliyefika pale alipata wake. Yule wa kitambi alipata wanne. Mwamuzi alikimbia huku na huku, filimbi ikajaa tope, akaketi kwenye kizuizi akashika tama. Sote tuliosukumwa tulifutwa kwenye matokeo. Zamani ningelitaka kupigana. Jana nilicheka mpaka nikashindwa kupumua.

Nilivuka mstari nikicheka, Baba. Nikaangukia nyasi, hakuna aliyenidaka, nikaendelea kucheka nikiwa chini. Tulikuwa tumeshakunywa uji, nimeinama penye bomba naosha miguu, ndipo nikashtuka. Sikukutafuta. Nimevuka, na sikuangalia mahali pako hata kwa jicho la pembeni.

Nililia pale bombani, Chebet akidhani nimevunjika. Sikulia kwa huzuni ninayoijua. Niliogopa. Nilijiuliza ni mtoto wa aina gani anayeweza kumsahau baba yake kwa muda wote huo, kwa ajili ya tope na vicheko. Usiku kucha nimelibeba swali hilo. Ninachojua ni kwamba asubuhi niliamka mapaja yananiuma, na kabla sijakumbuka lolote nilitaka kupanda tena.

Kuna nyingine Mulot mwezi ujao. Nitakwenda, na nitamaliza. Mahali pako hapatakaliwa na mtu, lakini Baba, umesimama vya kutosha, miguu yako imechoka. Keti sasa. Usinisubiri mstarini.

Mtoto wako,
Akinyi