Mlango Uliokwama Manga

Manga,
18 Oktoba 1997

Mwanangu Bosire,
Salamu nyingi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Je, joto la Mombasa unalivumilia? Huku mvua hainyamazi. Nyuma ya jiko ardhi imepasuka, migomba imeinama, na mlango wa chumba cha marehemu mama yako umekwama. Wewe uliyesomea miamba, nieleze: jiwe huweza kupinda?
Baba yako, Onchiri

Mombasa,
2 Novemba 1997

Baba mpendwa,
Shikamoo. Pole kwa goti. Naam, jiwe hupinda, lakini chini kabisa, penye joto na mgandamizo, tena polepole mno. Huku juu penye baridi, likielemewa huvunjika. Na udongo ukishiba maji, mlima huteleza. Mlango umekwama kwa sababu nyumba inasukumwa. Hamia kwangu Keumbu, kwa Persis, leo hii.
Mwanao, Bosire

Manga,
19 Novemba 1997

Mwanangu,
Nafurahi kusikia u mzima. Mkeo Persis alikuja kunichukua. Alisimama nje ya ua, nami nikamjibu nikiwa ndani, kama itupasavyo. Alilia. "Tata, njoo tu! Mimi nitalala kwa jirani." Nikamwambia, "Baba mkwe alale nyumba ya mwanawe? Hata mbuzi wako watanicheka." Heshima hiyo, chinsoni, sikuianzisha mimi na siwezi kuivunja. Nijengeeni kibanda chenye mlango wake, nitakuja.
Baba yako

Mombasa,
4 Desemba 1997

Baba,
Shikamoo. Goti je? Fundi Momanyi ameanza kibanda, ila mabati yamekwama njiani. Barabara imekatika, nami siwezi kutoka huku. Lala kanisani kwa sasa. Na unisikilize: mlango ukikwama, ukuta bado umeshikwa. Siku mlango utakapolegea wenyewe, usifurahi. Ujue ukuta umevunjika pale ulipokuwa ukipinda. Toka saa hiyo hiyo.
Mwanao

Manga,
9 Desemba 1997

Mwanangu,
U hali gani? Barua yako haijafika. Magari ya posta hayapiti. Hii namkabidhi Onsongo, anayejaribu kuja huko. Nina habari njema. Asubuhi hii mlango wa mama yako umefunguka wenyewe, mwepesi kama siku ulipotoka kwa seremala. Mlima umetulia. Nasikia Momanyi ameanza kibanda; nimemtumia neno asinyeshewe bure, angoje jua. Leo nitalala chumba hicho, maana changu kinavuja.
Baba yako

Mombasa,
21 Desemba 1997

Baba,
Onsongo amenifikia leo. Toka. Usibebe kitu. Najua barua hii haina mbio, na simu ya Keumbu haiiti. Sina kingine cha kutuma ila salamu.
Shikamoo, Baba. Niitikie.
Mwanao